Miguu ya Milcah Yapata Nguvu

Mwaka wa 1982, mtu aliyepita Navakholo aliona miwa kulia na miwa kushoto. Penye mihogo zamani, sasa palikuwa na miwa. Penye mtama, miwa. Matrekta yalivuta trela kutoka asubuhi hadi jioni. Watoto wakitoka shule waliokota vipande vilivyodondoka barabarani. Nyumba za nyasi zilikuwa zikipungua, na za mabati zilikuwa zikiongezeka.

Nyumba ya mzee Phanuel Andati na mkewe Milcah ilikuwa ya mabati. Phanuel alikuwa na miaka sabini, Milcah sitini na saba. Walikuwa wamelima pamoja tangu ujana wao. Milcah alijulikana kwa jembe. Akishika mstari wa mahindi, hakuinua kichwa mpaka aumalize. Wanawake wadogo kwake walibaki nyuma wakihema.

Kisha miwa ikaja, na mambo yakawa mepesi. Trekta ililima. Vibarua walipalilia. Wakataji walikuja na mapanga, wakakata, wakapakia, wakaenda. Mahindi yalisagwa kwa mashine pale sokoni. Na Wangila, mwana wao aliyefanya kazi kiwandani, akaoa msichana mwema aitwaye Khalayi.

Khalayi hakutaka mama mkwe wake ashike kazi yoyote. Milcah akiinama kuokota ufagio, Khalayi alikuwa ameshauokota. Milcah akitafuta mtungi, Khalayi alikuwa ameshafika kisimani.

"Keti, mama," alikuwa akimwambia. "Umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu."

Milcah aliketi. Kwanza aliketi kwenye kigoda. Halafu, baada ya mavuno ya pili ya miwa, Phanuel akanunua makochi. Yalikuwa mekundu, yenye sponji nene, na yalikuja kutoka mjini Kakamega juu ya lori. Majirani walikuja kuyatazama. Ukiyakalia, unazama. Milcah alizama humo miaka mitatu.

Alhamisi moja wanawake wa kanisa walikuja kusali nyumbani kwao. Baada ya nyimbo, wote walisimama kwa ombi la mwisho. Milcah naye akataka kusimama. Akasukuma kochi kwa mikono. Akainuka kidogo, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi tena. Wanawake wawili wakamshika makwapani, wakamwinua kama mtoto.

"Makochi ya Mama Alice yamekataa kumwachilia!" mmoja akasema, akimwita Milcah kwa jina la bintiye. Wote wakacheka.

Milcah naye akacheka. Lakini wakati wa ombi hakusikia hata neno moja. Alikuwa akisikiliza miguu yake. Ilikuwa ikitetemeka ndani ya gauni.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya mvua, Milcah alitoka kwenda chooni. Alipofika mlangoni aliinua mguu ili avuke kizingiti. Mguu haukupanda vya kutosha. Kidole kilijikwaa, naye akaanguka nje, ubavu mmoja kwenye tope.

Khalayi aliporudi kutoka kukama ng'ombe, alimkuta pale pale. Alikuwa ameketi kwenye tope, nguo zimelowa, akishikilia mwimo wa mlango.

"Mama! Umeumia wapi? Mbona hukuniita?"

"Nimeita. Mvua ilikuwa kubwa," Milcah akasema. "Nimejaribu kuinuka, mwanangu. Miguu imekataa."

Walimpeleka hospitali. Alipigwa picha ya mifupa. Hakuna mfupa uliovunjika, lakini nyonga ilikuwa imevimba na kugeuka rangi. Daktari alimpa dawa ya maumivu. "Umebahatika, mama," alisema. "Wengi wa umri wako wakianguka hivi, mfupa wa nyonga huvunjika."

Habari zilifika mjini siku hiyo hiyo. Jumapili, binti yao Alice akaja. Alice alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na alikaa mtaa wa Shieywe. Alikuwa mtu wa kupanga mambo. Aliingia, akamsalimu baba yake, akamkumbatia mama yake, na kabla ya chai kumiminwa vikombeni akasema:

"Mama, nimekuandalia chumba. Sakafu ni ya simiti, choo kiko ndani, na dispensari iko karibu. Utakuja ukae na mimi."

"Mpaka lini?" Milcah akauliza.

Alice alitazama kikombe chake. "Mama, hata kama ni siku zote. Nani atakuokota ukianguka tena? Khalayi ana kazi zake."

"Na baba yako?"

"Baba atakula kwa Khalayi. Na atakuja kukuona."

Phanuel alikohoa, akageuza uso. Tangu waoane, yeye na Milcah hawakuwahi kulala mbalimbali zaidi ya juma moja. Hakuwa mtu wa kulisema hilo mbele ya watoto.

Milcah alijua Alice alisema kwa upendo. Lakini alijiona huko Shieywe, ameketi dirishani mchana kutwa, akitazama ua wa watu asiowajua.

"Nipe muda," akasema. "Shule zikifungwa mwezi wa nane, njoo. Ukinikuta hivi nilivyo, nitafunga nguo zangu twende."

"Utabadilika vipi kwa miezi mitatu, mama?"

"Sijui. Lakini nipe."

Upande wa pili wa ua wao wa miti palikuwa na boma la Roda. Roda alikuwa mama wa miaka arobaini na mitano. Alifanya kazi katika hospitali ya mkoa, kwenye idara ya mazoezi ya viungo. Aliwafundisha watu waliovunjika miguu kutembea tena, na wazee waliopooza kushika kijiko. Juma zima alikaa mjini. Jumamosi alirudi Navakholo.

Jumamosi baada ya Alice kuondoka, alikuja na maziwa kumjulia hali mgonjwa.

"Mulembe, Mama Alice."

"Mulembe, Roda, mwanangu. Karibu. Usiketi hapo kwenye kochi, utakwama kama mimi."

Roda alicheka, akavuta kiti cha mbao. Kisha akauliza maswali, taratibu, moja baada ya jingine.

"Ulipoanguka, ulisikia kizunguzungu kwanza?"

"Hapana."

"Moyo ulienda mbio? Kifua kiliuma?"

"Hapana. Ni mguu tu. Niliuambia upande, haukupanda."

"Na kabla ya hapo, ulikuwa unafanya kazi gani kila siku?"

Milcah akatazama mikono yake. "Nilikuwa naketi," akasema.

"Si ni uzee tu?" Phanuel akadakia. "Mtu akizeeka, miguu huisha. Ndivyo ilivyo."

"Uzee una sehemu yake, mzee," Roda akasema. "Lakini hebu nikuulize. Zamani ulikuwa na ng'ombe wa kulima, sivyo?"

"Nilikuwa nao wanne. Walikuwanga na nguvu sana."

"Ng'ombe mmoja ukimfungia zizini miaka mitatu, anakula na kulala, siku ukimtoa ukamfunga plau, ataweza?"

"Thubutu! Hatamaliza hata mstari mmoja."

"Utamchinja?"

"Kwa nini nimchinje? Nitamwanzisha pole pole. Leo kidogo, kesho kutwa kidogo, mpaka nguvu zirudi."

"Basi, mzee. Mama huyu alikuwa zizini."

Phanuel alitazama makochi yake mekundu.

Lakini Khalayi, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliona uchungu. "Kwa hiyo mimi ndiye nimemwumiza," akasema polepole. "Mimi ndiye nilimwambia aketi."

"La, Khalayi," Roda akamjibu. "Wewe umemheshimu. Hata wangu nyumbani walifanya hivyo kwa mama yangu. Hatukujua. Misuli ya mtu isipotumika huisha, na ya mtu mzima huisha haraka zaidi. Habari njema ni kwamba hata ukiwa na miaka themanini, misuli ikipewa kazi inarudi."

"Hata yangu?" Milcah akauliza.

"Hata yako. Lakini hatuanzi leo. Nyonga ipone kwanza. Halafu uende upimwe presha na moyo, daktari aseme ndiyo. Tusianze kazi bila kujua hali ya mwili wako."

Milcah alisubiri wiki tatu. Alipimwa. Presha ilikuwa sawa, moyo ulikuwa sawa. Daktari akasema anza, lakini usikimbilie.

Jumamosi iliyofuata Roda alifika asubuhi, jua likiwa halijawa kali.

"Vua hizo pateni," akasema mara tu alipomwona. "Kandambili zinateleza. Vaa viatu vinavyoshika kisigino."

Milcah akavaa raba za zamani za Wangila. Zilikuwa kubwa, ndipo Khalayi akazikaza kwa kamba.

Kwanza walitembea. Walizunguka ua mara nne, wakipiga domo, mpaka mwili ukapata joto. "Usianze kazi mwili ukiwa baridi," Roda akasema. "Na hii ndiyo mizani yako: ukiweza kuongea huku unafanya, ni sawa. Ukishindwa kuongea, punguza."

Kisha akakiegemeza kiti cha mbao kwenye ukuta ili kisisogee. Akakitikisa kuona kama miguu yake ni imara. Akakunja blanketi, akaliweka juu ya kiti ili kiwe kirefu kidogo.

"Keti mbele ya kiti. Miguu yote chini, iachane kidogo. Sasa inama mbele, pua ifike juu ya vidole vya miguu. Pumua nje, simama."

Milcah akainama. Akasukuma mapaja kwa mikono. Akapumua nje kwa sauti. Akasimama! Magoti yalitetemeka, lakini alisimama.

"Sasa keti. Lakini usijitupe. Shuka pole pole. Moja, mbili, tatu, nne. Huko kushuka pole pole ndiko kunakojenga misuli."

Alifanya mara tano. Ya tano jasho lilimtoka puani.

"Tosha," Roda akasema.

"Naweza kuongeza."

"Najua. Ndiyo maana nasema tosha. Siku ya kwanza acha ukiwa bado unataka."

Baada ya kupumzika, Milcah alishika ukingo wa meza nzito. Akainua visigino mpaka akasimama kwa vidole, akavishusha pole pole. Halafu akasimama mbele ya ukuta, mikono kwenye ukuta usawa wa mabega, akakunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, akasukuma kurudi. Mwisho alikaa akainua mikebe miwili ya mafuta ya kupikia. Khalayi alikuwa ameijaza mchanga. Kila mmoja ulikuwa na nusu kilo tu.

"Usizuie pumzi," Roda alimkumbusha kila mara. "Ukiinua, pumua nje. Ukizuia pumzi, presha inapanda ghafla."

Kazi ilipokwisha, mwili ukiwa bado na joto, walinyoosha misuli. Milcah aliegemea ukuta, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kikiwa chini. Alisikia shavu la mguu likivutika.

"Hapo hapo. Kaa hapo, hesabu mpaka ishirini. Usirukeruke. Kuvutika ni sawa. Maumivu si sawa."

Kisha akaketi, akanyoosha mguu mmoja mbele, akainama kidogo kutoka kwenye kiuno mpaka nyuma ya paja ikavutika. Akahesabu. Akabadilisha mguu. Akazungusha mabega yake pole pole, akahisi mgongo ukifunguka.

Roda alipokuwa akienda aliacha maneno machache tu. "Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Siku za katikati, tembea tu na kunyoosha. Misuli hujengeka ikipumzika. Kesho mapaja yatakuwa mazito kidogo, hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au kiungo kinachoma kama kisu, acha hapo hapo. Na uwe na mtu karibu. Mama, unakula nini?"

"Obusuma na mboga. Nyama ya kuku, ingokho, wageni wakija."

"Ongeza maharagwe, omena, yai, maziwa. Misuli haijengwi na ugali peke yake. Na wewe, Khalayi, mpe mama kazi. Achambue mboga amesimama. Afagie ua. Akitaka kuinuka, hesabu mpaka kumi kabla hujamkimbilia."

Khalayi alikubali kwa kichwa. Lakini hilo la mwisho lilimsumbua. Wiki hiyo hiyo mwanamke mmoja alipita njiani, akamwona Milcah akifagia, na Khalayi akiwa ameketi akichambua maharagwe. Akapaza sauti: "Ala! Siku hizi mama wakwe ndio hufagilia wake za wana wao?"

Khalayi aliona haya mpaka machozi yakamlenga. Milcah akaegemea ufagio wake.

"Waambie nyumbani kwako," alimjibu yule mwanamke, "kwamba Milcah anafanya dawa aliyopewa hospitali. Dozi ni mara tatu kwa wiki." Akaendelea kufagia. Khalayi akacheka huku akijifuta macho.

Phanuel alitazama haya yote kutoka barazani. Katika ujana wake alikuwa mkataji wa miwa kwenye mashamba ya Wahindi, na hakuna aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wake. Kuinua mikebe ya nusu kilo aliona ni mchezo.

"Hayo ni ya watoto wa nasari," akasema Jumatano moja. "Hebu nikuonyeshe nguvu."

"Phanuel, keti," Milcah akasema.

Hakuketi. Alichukua debe la maji, akalishika kwa mikono miwili, akajaza kifua hewa, akaizuia, akainua. Debe lilifika kifuani. Uso ukawa mweusi, mishipa ya shingo ikatoka. Alitaka kulifikisha begani. Mara dunia ikamzunguka. Debe likaanguka, maji yakamwagika uani, na Phanuel akapiga goti, mkono kiunoni.

"Khalayi!" Milcah akaita. Akamfikia mumewe haraka kuliko alivyojidhania, akamwekea bega ashikilie mpaka Khalayi akafika na kiti. Walimkalisha kivulini. Kizunguzungu kilipita. Kiuno hakikupita. Alilala kitandani siku tatu akilalamika juu ya godoro.

Roda alipokuja Jumamosi hakumcheka. Alimuuliza tu: "Mzee, ulipasha mwili joto kwanza?"

"Hapana."

"Ulizuia pumzi?"

Phanuel akajikanda kiuno.

"Ulipimwa presha lini?"

"Presha? Mimi sijawahi kuugua."

"Nenda ukapime."

Akapelekwa kupimwa, na presha yake ikakutwa iko juu. Alikuwa ameishi nayo bila kujua. Alipewa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi. Njiani kurudi alisema neno moja tu kwa Milcah: "Lile debe limenisaidia."

"Limekusaidia kukuangusha," Milcah akasema. Wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kiuno kilipopona, na daktari akiisha kukubali, Phanuel naye aliketi kwenye kiti cha mbao. Alianza na mara tano, kama mkewe. Alipewa mikebe ile ile ya nusu kilo. Aliinua akipumua nje kwa kelele, kuku wakakimbia. Hakuyaita tena mchezo.

Si kwamba mambo yalikuwa rahisi. Wiki ya tatu Milcah alikata tamaa. Mvua ilinyesha mfululizo, goti la kulia lilimwuma, na hakuona mabadiliko yoyote. Jumatatu hakufanya. Jumatano hakufanya. Alikaa akitazama nguo zake na kufikiri ni zipi angezipeleka Shieywe.

Jumamosi Roda alimkuta hivyo.

"Goti linauma vipi? Linachoma, au ni zito tu?"

"Linachoma nikishuka sana."

"Basi usishuke sana. Tuongeze blanketi la pili, kiti kiwe kirefu zaidi. Mazoezi ndiyo yanakufuata wewe, mama. Si wewe uyafuate." Kisha akauliza: "Mara ya kwanza ulisimama mara ngapi?"

"Tano."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Na Jumamosi iliyopita?"

Milcah akahesabu kwa vidole. "Nane. Mbili za mwisho bila mikono." Hakuwa amelitambua mpaka alipolisema kwa mdomo wake.

Kwa mablanketi mawili goti lilitulia. Wiki mbili baadaye aliondoa moja. Mwezi wa saba ukiisha, aliondoa na lile la mwisho, akawa anasimama mara kumi mikono ikiwa imekunjwa kifuani, anapumzika, kisha anarudia kumi nyingine. Mikebe ikaongezwa ikawa ya kilo. Roda akamfundisha kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza, kwanza kwa mikono miwili, baadaye kwa kidole kimoja. "Hii ni ya kukushika usianguke," alisema.

Mwezi wa nane shule zilifungwa, na Jumamosi moja Alice akaja. Alikuja na gari la kukodi, na kisanduku cha bati kipya cha nguo za mama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ua ulikuwa na utelezi.

Milcah alimpokea mlangoni. Alice alitazama raba, akatazama uso wa mama yake, akaona umenawiri. Hata hivyo hakutaka kudanganyika.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Njoo kwanza nikuonyeshe maharagwe yangu. Nimepanda mwenyewe, pale nyuma ya jiko."

Walivuka ua pamoja. Milcah alikuwa akieleza jinsi mbegu zilivyoota. Karibu na jiko, mguu wake wa kushoto ulikanyaga udongo laini. Ukateleza mbele.

Alice alipiga kelele. Alinyoosha mkono lakini alikuwa mbali.

Mguu wa kulia wa Milcah ulikuwa umeshafika. Ulikanyaga chini kwa nguvu, goti likapinda kidogo, paja likashika. Mwili uliyumba mara moja, mikono ikafunguka kama mabawa. Kisha ukatulia. Milcah alikuwa amesimama.

Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Mguu umekuja wenyewe," Milcah akasema, kwa sauti ya mtu anayejishangaa. "Sikuuita. Umekuja."

Alice alimshika mama yake mabega. Alikuwa analia. "Nilidhani nakuzika, mama."

"Bado, mwanangu. Njoo uone maharagwe."

Kisanduku cha bati hakikushushwa garini. Kabla ya kuondoka, Alice alimwomba Roda amwonyeshe mazoezi yote, akayaandika kwenye daftari la ofisi. Yeye mwenyewe alikuwa anaketi kutwa mbele ya taipureta, na mgongo ulimwuma.

Phanuel alimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa anatembea wima. "Mwambie dereva aende pole," akasema. "Kuna utelezi." Jioni ile Khalayi alimsikia akiimba bafuni.

Mwezi wa kumi na mbili, Milcah alikwenda Shieywe. Alikwenda kutembea kwa siku tatu, akiwa na kuku mmoja na gunia dogo la maharagwe. Aliketi barazani kwa Alice, akazungumza na majirani, akaenda sokoni, akaona taa za mji. Usiku alilala kwenye kile chumba alichoandaliwa. Kilikuwa chumba kizuri. Asubuhi alisimama na kuketi mara kumi kwenye kiti cha Alice, na Alice akafanya pamoja naye, akachoka wa kwanza.

Siku ya nne alifunga nguo zake.

"Kaa hata mpaka Jumapili," Alice akamsihi.

"Baba yako ananingoja. Na Jumamosi ni siku ya mazoezi."

Walitoka. Mbele ya nyumba palikuwa na ngazi saba za kushuka barabarani, na mawe yalikuwa na umande. Alice akanyoosha mkono haraka.

"Nishike, mama."

Milcah alizitazama zile ngazi. Akaweka mguu wa kwanza imara, kisha wa pili.

"Mkono niachie, mwanangu," akasema. "Wewe beba mfuko."

Alice akabeba mfuko. Ikambidi aharakishe, maana mama yake alikuwa ameshafika barabarani.